Kitanda cha Mseja

Kitanda cha mdogo wangu ni cha juu. Chini yake analala kijana mwingine anayekoroma, na kati ya kitanda chao na kinachofuata pana nafasi ya tranka moja, si mawili. Nilikiona mara ya kwanza siku ndugu waliporuhusiwa kuingia kambini. Hanga, ndivyo wanavyoliita lile bweni refu la mabati wanamolala askari wasio na wake, mwanamke haruhusiwi kuvuka kizingiti chake. Kwa hiyo nilisimama nje nikanyoosha shingo, naye akanionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba lake.

"Kile pale, dada. Chenye shuka la kijani."

"Mashuka yote ni ya kijani."

"Basi kile kilichotandikwa vizuri."

Ndani wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Mangi, mwambie dada umeshaanza kukikodisha!" Huko jeshini kila Mchagga ni Mangi, na kila Mangi ana duka. Mdogo wangu naye akacheka, lakini nilimwona akitazama chini, kwenye viatu vyangu vyenye udongo mwekundu wa nyumbani, Mwika.

Kwa kitanda hicho alikuwa anakatwa mshahara kila mwezi. Kwa chakula cha mesi alikuwa anakatwa pia, ale asile. Mseja hakuruhusiwa kupanga chumba nje ya kambi. Ilikuwa lazima alale hanga, na hanga lazima alilipie. Mwenye mke alipewa kota: vyumba viwili, jiko na choo chake mwenyewe, na makato yake yalizidi ya mseja kidogo tu. Akitaka kuishi nje, mwenye mke aliruhusiwa. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kikosi kile kwa miaka ninayoisimulia, na mimi nisingeujali hata kidogo kama isingekuwa habari ya mdogo wetu wa mwisho.

Tumezaliwa watatu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kiume yuko darasa la pili, na wa mwisho, wa kike, ananyonya, baba alipofariki. Mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Niliacha shule Jumatatu moja ya masika. Kuacha hakukuniliza, kilichoniliza ni kurudisha vitabu, kwa sababu mwalimu alivikagua kimoja kimoja kama vimechanika, na cha Jiografia kilikuwa kimechanika.

Yule wa mwisho ana selimundu. Tulichelewa kujua. Tulidhani ni mtoto wa kulialia, na mikono yake ilipovimba nilimpaka mafuta ya ng'ombe. Daktari wa hospitali ya mjini ndiye aliyetueleza, na mwisho akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Huyu baridi ni adui yake. Mnakaa wapi?" Nikamwambia. Akaacha kuandika. "Hamna ndugu huku chini?"

Hatukuwa naye. Kihamba chetu, shamba tulilojenga nyumba, kiko juu, mahali ambapo kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unaingia mlangoni bila kubisha, nguo hazikauki siku tatu, na migomba inadondosha maji hata pasipo mvua. Wengine wanaupenda mlima huu na kuja kuupiga picha. Mimi kila ukifika mwezi wa sita nauangalia kama mtu anavyomwangalia mdai.

Ndiyo maana mdogo wangu alipomaliza mafunzo akapangiwa kikosi cha tambarare, upande wa joto, safari ya magari mawili tu kutoka nyumbani, nilipiga magoti. Ndani ya uzio wao kulikuwa na zahanati iliyotibu familia za askari. Nikasema moyoni: basi, mtoto amepata pa kwenda.

Siku hiyo hiyo ya kwanza, nilipotoka pale hangani, nilipita kwenye mistari ya kota nikiwa na mkungu wa ndizi nilioubakiza. Nilimpa mama mmoja, mke wa koplo, aliyekuwa anafua nje na watoto wamemzunguka. Akanipa stuli nikae. Nikamwambia kwa unyonge jinsi ninavyoziona nyumba zile.

"Usituonee wivu, dada yangu," akasema. "Na sisi tunakatwa. Paa linavuja, wanakata. Bomba likauke wiki nzima, wanakata. Ninao watoto sita humu. Yule mkubwa analala jikoni, akigeuka anaangusha sufuria."

"Lakini ni nyumba."

"Ni nyumba, ndiyo." Akakamua shati. "Unaiona ile ya pembeni?"

Ilikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na utando wa buibui.

"Mwenyewe mkewe ni mwalimu, mkoa mwingine. Hajalala humo hata siku moja. Yeye bwana naye kutwa yuko kazini, nyumba anaitumia kuanikia soksi. Kuku wangu wanataga barazani kwake, hajui."

"Kwa nini asiirudishe?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Airudishe akalale hanga na vijana wa juzi? Ana mke, dada. Ni haki yake."

Nilipoondoka nilipita pale. Nilichungulia dirishani. Hamkuwa na kitu ila jua, limelala sakafuni toka ukuta hadi ukuta. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa nje. Ukuta ulikuwa wa moto. Nimewahi kutamani vitu vya watu maishani, viatu, daftari, hata mama wa mtu, lakini sijawahi kutamani kitu kama nilivyoutamani ukuta ule.

Mwenye kota ile hakuwa mtu mbaya. Baadaye nilionyeshwa, ni baba mpole, mwenye miwani. Alichukua alichopewa. Na mke wa koplo mwenye watoto sita hakuwa mwizi wa mtu. Nimejiuliza mara nyingi: kama mimi niliyeishia kidato cha pili ningepewa kalamu nipange makato yale upya, ningeanzia wapi? Nadhani nisingeuliza mtu kama ana mke. Ningeuliza ni nani wanaokula kwake. Mdogo wangu alikuwa anakula mesi ili asipoteze alicholipia, halafu kinachobaki anakituma mlimani, kwa watu wawili ambao kwenye karatasi za kazini kwake hawakuwepo. Kinachobaki hakikutosha kupanga hata chumba cha uani Pasua, mtaa wa mjini chini ambako nauza ndizi. Huko nako kuna joto. Nilikuwa nalipita kila siku ya soko.

Mwaka wake wa pili kikosini, sajenti mmoja aliyekaribia kustaafu akamwambia jambo. Mseja anayelea yatima anaweza kuomba kota kama mkuu wa familia. Ilishawahi kutokea, mara moja. Kinachotakiwa ni barua.

Nikaanza kutafuta barua. Mtendaji wa kijiji alinizungusha siku nne. Siku ya tano nilifika kabla yake nikakaa kwenye ngazi ya ofisi na mfuko wa kushonea, nikashona mpaka akaja. "Wewe mama hukati tamaa?" Nikamwambia sina pa kuikatia. Mchungaji aliandika ya kwake papo hapo, kwa kalamu ya wino, na kupiga muhuri wa usharika mara mbili kwa bahati mbaya. Daktari aliandika mistari mitatu ambayo hatukuweza kuisoma, lakini neno "joto" nililiona. Zile mbili za kwanza zilisema kitu kimoja: watoto hawa hawana baba wala mama.

Mdogo wangu aliziwasilisha Novemba. Desemba akaja likizo na mbuzi.

Kwetu Desemba watu hurudi, na mnyama akichinjwa nyama yake haigawiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Baba yetu mkubwa ndiye anayeshika kisu. Siku hiyo alitandika majani ya migomba, akakata, akaita nyumba moja moja. Kidari kikaenda kwake, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Akaita nyumba ya mama yetu, mimi nikainuka nikapokea, kama nilivyopokea kila mwaka tangu nina miaka kumi na sita. Jiko la marehemu haliachwi bila fungu. Anayeliwasha moto ndiye anayepokea. Akamaliza, akafuta kisu.

"Na mimi?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa anatania, nusu.

"Wewe kula na vijana pale kwenye mchuzi."

"Baba mkubwa, mbuzi nimemnunua mimi."

"Nani amekataa? Tunakushukuru sana, mwanangu, mbuzi ana mafuta. Lakini nyama haigawiwi kwa aliyenunua, inagawiwa kwa nyumba. Leta jiko nitakukatia."

"Jiko la mkaa au la gesi?"

Watu wakacheka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika. Mtoto wetu naye alicheka, amejifunika blanketi karibu na moto. Mdogo wangu akaenda kukaa na vijana wa sekondari, anazidi wote urefu, akala mchuzi kwenye bakuli la plastiki. Nilimpelekea nusu ya fungu langu. Akakataa. "Ni la mama hilo," akasema.

Jibu lilitoka Januari. Alinisomea kwa simu, kwa sauti aliyofundishwa huko ya kutoa taarifa. Ombi limekataliwa. Mwombaji ana mama mzazi aliye hai, kwa mujibu wa taarifa alizojaza mwenyewe wakati wa kuandikishwa.

Nilikuwa sokoni Pasua. Mteja mbele yangu alikuwa anaminya ndizi zangu, anauliza kama zimekomaa, nami nikamwambia hazijakomaa, ingawa zilikuwa zimekomaa.

Nilikuwa nimesahau. Ni lazima niandike hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Fomu ile niliijaza mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Tulikuwa kwenye foleni ya vijana, juani, na mzee mmoja aliyemleta mwanawe akaapa kwamba asiye na mzazi hata mmoja hachukuliwi, maana akitoroka watamdai nani? Sikuwa na wa kumuuliza. Juu ya fomu kulikuwa kumeandikwa: usiache nafasi wazi. Kwenye mstari wa baba nikaandika marehemu. Kwenye mstari wa mama mkono wangu ulisimama. Kisha nikaandika jina langu, na mbele yake nikaandika: hai.

Sikujiona mwongo. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa nimepokea fungu la mama mbele ya ukoo mzima kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kusema mwenyewe yuko wapi. Nilikuwa nimehudhuria vikao vya wazazi shuleni, nimewapeleka kipaimara, nimemchapa mdogo wangu huyo fimbo za mama. Nikampa fomu, akaweka sahihi bila kusoma. Alikuwa anaangalia vijana wengine wakipimwa vifua.

Nikaenda kambini. Nilivaa gauni la kanisani. Langoni kijana wa zamu alifungua daftari, akatafuta, akasimama wima. "Shikamoo mama." Nilimpita umri kidogo mno mimi kumwita mwanangu. Nikaitika marahaba.

Karani wa faili alikuwa mwanamke, mwenye cheo begani na kipande cha khanga magotini kwa ajili ya upepo wa feni. Mdogo wangu alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Alikuwa ameniomba kwenye simu nisije. Nilipomtazama alikuwa ameukaza uso kama kopo.

"Karibu, mama. Wewe ndiye mama yake?"

Nikaweka kitambulisho changu mezani. Akakisoma. Akafungua faili, akasoma, akarudi kwenye kitambulisho. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Ulimzaa ukiwa na miaka minane, mama?"

"Mimi ni dada yake, afande. Mama alifariki. Nilijaza mimi, yeye hakujua."

Akainuka, akampita mdogo wangu, akafunga mlango. Aliporudi kukaa, sauti yake ilikuwa ya mtu wa jirani.

"Unajua anayeingia kwa taarifa za uongo anafanywaje?"

"Nilijaza mimi."

"Na sahihi hapa chini ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Ya kitoto, imepinda juu mwishoni.

"Basi," akasema. "Nikilirekebisha hili, siwezi kulirekebisha kimya kimya. Linakwenda juu. Akitolewa, hakuna hanga, hakuna mshahara, na huyo mgonjwa wako atakunywa dawa za nani?"

"Kwa hiyo ukweli haufai?"

"Ungefaa siku ile." Akakisukuma kitambulisho kwangu kwa kidole kimoja. "Hiki sijakiona. Umekuja kumsalimia mwanao, umemkuta mzima. Nenda nyumbani, mama."

"Na kota?"

Alikuwa ameshafunga faili. "Mwambie aoe."

Hakusema kwa ubaya. Nimewahi kutendewa ubaya na watu wengi na ninaujua ulivyo. Mwanamke yule alitufadhili, na fadhila yake ndiyo iliyofunga mlango wa mwisho.

Tulitembea na mdogo wangu hadi langoni. Tulipita ile nyumba yenye kufuli. Kuku walikuwa barazani.

"Kuna msichana," akasema. "Tuna miezi minne tu. Nikimwambia leo twende kwa mchungaji, atajua ninatafuta chumba."

"Sijakwambia uoe."

"Hujaniambia, lakini unaniangalia." Akapiga jiwe teke. "Na akija, dada, ni nyumba yake. Akisema hataki mgonjwa kwenye sebule yake, nitamwambia nini? Nimwambie nilikuoa kwa ajili ya ukuta?"

Naandika hili kwa aibu: nilitaka aoe. Nilitaka amwoe msichana yeyote, siku hiyo, aliye njiani na beseni kichwani, na kama ingekuwa kazi ya kwenda na mbege kwa wazazi wake ningeibeba mimi mwenyewe mgongoni. Nilijizuia kusema. Sijui kama kujizuia kunahesabiwa.

Yeye na yule msichana hawakufika mbali. Alihamia Dar es Salaam, na mdogo wangu akarudi kwenye kitanda chake cha juu, analipia.

Mwaka huu Julai imekuwa mbaya. Ukungu umekaa wiki mbili bila kuinuka. Mtoto, naendelea kumwita mtoto na ana miaka kumi na saba, ameanza kushikwa miguuni na sasa mgongoni. Najaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, nazifunga kwa vipande vya kitenge, nampanga nazo ubavuni kama mayai chini ya kuku. Yakipoa nachemsha mengine. Hospitali ya mjini wanatujua. Wanampa dawa, wanamwongeza damu, anapata nafuu, na tunarudi huku huku kunakomuumiza, kwa kuwa ndiko tunakokaa.

Habari ya fomu nilimweleza. Sikutaka afe bila kujua, na hilo pia nalisema kama lilivyo. Alisikiliza hadi mwisho, amefumba macho.

"Kumbe," akasema. "Kama wewe ni mama yake, basi mimi ni mama yake mdogo."

"Ndiyo hivyo."

"Mpigie. Anisalimie."

Nikampigia nikaweka sauti kubwa. Kule nyuma tulisikia vijana wa hanga wakibishana mpira. "Shikamoo mama mdogo," akasema mdogo wangu, na mtoto akaitika, "Marahaba mwanangu, unakula lakini?" Akacheka, na kucheka kukamshika mgongo, akalia. Nikakata simu.

Juzi alikuja, ruhusa ya siku mbili. Amekonda usoni. Alileta unga, dawa za maumivu, na karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Kila baada ya muda kazini wanahuisha taarifa za ndugu, na safari hii wanataka sahihi ya mzazi aliye hai. Aliiweka mezani akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, nadhani ili asinione nikiisoma.

Mstari ni ule ule. Mama mzazi: hai, amefariki. Futa lisilohusika.

Nilikaa nayo. Toka pale nilipokaa, mlango ukiwa wazi, naliona kaburi la mama, kati ya mgomba na kahawa, saruji yake imeota kijani kwa unyevu. Nikiandika ukweli, mdogo wangu atakosa hata kile kitanda. Nisipouandika, hatakuwa na yatima kwenye faili lake mpaka siku atakayooa, na Julai zitakuja kabla ya hapo, sijui ngapi. Kuna watu watasema ipo njia nyingine. Nimeitafuta. Nina soli za viatu za kuwaonyesha.

"Dada," mtoto akaita kutoka chumbani. "Yamepoa."

Nikafuta neno "amefariki", nikaweka sahihi yangu mbele ya neno mama, nikaenda kuchemsha maji.